Anayemleta Mteja Mlangoni



Swali lililoulizwa katika darsa yetu lilikuwa fupi. Mtu anayeishi kwa kuzipandisha tovuti za watu katika Google, na kuwanunulia matangazo ya mtandaoni ili wapate wageni, je, chumo lake ni halali? Majibu mawili yalitoka papo hapo. Ndugu mmoja alisema kazi hiyo ni sawa na kuandika kibao cha duka, haina mjadala. Mwingine akasema hiyo ni najashi iliyokatazwa, na pesa yake haifai kuliwa. Adhana ya Ishaa ikatukatiza, tukasimama na kupanga safu.

Mimi sikuridhika na jibu lolote kati ya hayo mawili. Niseme mapema kwamba kazi hii ndiyo inayonilipia chumba tangu mwaka wa kwanza, kwa hiyo nina maslahi katika jibu. Yapimeni maneno yangu mkilijua hilo.

Maulamaa wa usuli hutufundisha kwamba hukumu ya jambo hufuata picha ya jambo hilo. Sasa picha yenyewe ni hii. Mtu anapoandika maneno katika Google, majibu humfikia kupitia milango miwili. Mlango wa kwanza haulipiwi: mashine hupanga kurasa kwa jinsi inavyoona zinafaa kujibu alichouliza. Mlango wa pili hulipiwa: mwenye tovuti hutaja kiasi ambacho yuko tayari kutoa kila mtu anapobofya tangazo lake. Kazi yangu ina sehemu katika milango yote miwili, na kila mlango una maswali yake ya kidini.

Nianze na ule usiolipiwa, ambao watu hudhani hauna tatizo.

Sehemu kubwa ya kazi hii ni ya kawaida kabisa. Chukua mfano wa mshonaji wa Biryogo mwenye tovuti yenye jina la "Nyumba ya Mitindo ya Kifahari". Hakuna mtu anayetafuta maneno hayo. Watu huandika "mshonaji wa kanzu Nyamirambo". Ninachofanya ni kumwambia aandike kwamba yeye ni mshonaji, kwamba anashona kanzu, kwamba yuko Nyamirambo, saa anazofungua, na namba ya simu inayopokelewa. Kisha ninazipunguza picha zake uzito ili ukurasa ufunguke hata kwenye simu ya bei rahisi yenye mtandao wa kusuasua. Hapa yule ndugu wa kibao cha duka yuko sahihi. Mshonaji yupo, kanzu zipo, na mnunuzi anaitafuta kanzu. Tumeondoa ukuta uliokuwa kati yao.

Tatizo huanza kwenye viungo. Mwaka 1998 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walieleza mtambo wao uliojengwa juu ya wazo moja: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine una thamani zaidi, na ukitajwa na kurasa ambazo zenyewe zinaheshimiwa, thamani yake huongezeka. Kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine kilihesabiwa kama kura. Mimi naona neno "ushahidi" linafaa zaidi kuliko "kura". Aliyewahi kukaa katika darsa ya mustalahi ya hadithi ataitambua njia hiyo mara moja, maana maulamaa wetu hawakuhesabu tu idadi ya wapokezi, walimchunguza kila mpokezi ni nani, anaaminika kiasi gani, amepokea kwa nani. Tofauti ni kwamba wao walikwenda safari za miezi kumchunguza mtu mmoja, na mtambo hufanya hesabu.

Ukikubali kwamba kiungo ni ushahidi, basi kuuza na kununua viungo kunapata jina lake la zamani. Kuna watu ambao kazi yao ni hiyo tu: unawalipa, na baada ya wiki mbili tovuti yako ya kuuza mafuta ya nywele inatajwa kwa sifa katika mamia ya tovuti ambazo hakuna aliyekutumia wala kukujua. Mwezi Februari 2011 gazeti la New York Times lilieleza jinsi maduka ya JCPenney ya Marekani yalivyokuwa yakitokea juu kwa maneno mengi ya kawaida, kama magauni na matandiko, kwa sababu ya maelfu ya viungo vilivyowekwa kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na bidhaa hizo. Kampuni ilisema haikuidhinisha. Google iliishusha. Kabla ya hapo, Februari 2006, tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa katika orodha kwa siku kadhaa kwa sababu ilikuwa ikiionyesha mashine kurasa tofauti na zile ambazo binadamu alizikuta.

Sisi tunalijua katazo la ushahidi wa uongo. Tunajua pia namna lilivyotolewa: Mtume (s.a.w.) alikuwa ameegemea, akaketi wima alipofika kwenye jambo hilo, akalirudia na kulirudia mpaka masahaba wakatamani anyamaze kwa kumhurumia. Nimewahi kuambiwa kwamba hilo linahusu mahakama, na kwamba kiungo katika tovuti si kiapo mbele ya kadhi. Lakini angalia kinachotokea kweli. Kuna mtu wa tatu, hayupo, hatujui, anaamua kwa kutegemea ushahidi huo dawa gani anywe au shule gani ampeleke mwanawe. Ninaona vigumu kutafuta tofauti itakayomtosha mtu huyo. Maoni ya uongo ya nyota tano kwenye ramani, yanayoandikwa na binamu na wanafunzi wenzetu kwa malipo ya vocha ya simu, yamo humo humo. Na hapa nasema na baadhi yetu tunaoswali safu moja.

Sasa mlango wa kulipia.

Kuuza nafasi katika majibu ya utafutaji hakukuanzishwa na Google. Mwaka huo huo wa 1998 Bill Gross, mfanyabiashara wa Marekani, alianzisha GoTo, ambako aliyetoa zaidi ndiye aliyetokea juu. Google ilianzisha AdWords mwaka 2000, na mnada wake wa kulipia mbofyo ukaja mwaka 2002. Ni mnada wa ajabu kidogo. Hufanyika upya kila mara mtu anapotafuta, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Anayeshinda hatozwi kiasi chote alichotaja, hutozwa kile kinachotosha kumpita aliye chini yake. Na pesa haiamui peke yake, kwa sababu mtambo unapima pia kama tangazo linahusiana na kilichotafutwa.

Je, hiyo ni najashi? Hapa ndipo ndugu yetu wa pili alipokosea, na nasema hivyo kwa heshima. Najashi ni kutaja bei bila nia ya kununua, ili kumdanganya mwingine apandishe. Mnada wenyewe, kwa wengi wa wanazuoni, hauna ubaya. Mwenye duka anayetaja faranga zake kwa ajili ya neno "kanzu" anataka kweli mbofyo ule, na ataulipia. Bei ikipanda kwa sababu washonaji watano wanautaka, huo ni mnada wa halali. Kinachoharamisha ni kitu kingine ambacho hufanyika sana na hakikutajwa katika darsa: mtu kulibofya tangazo la mshindani wake mara thelathini kwa siku ili amalize bajeti yake kabla ya adhuhuri. Huyo hata hatuhitaji neno najashi kumhukumu. Anaharibu mali ya mwenzake, basi.

Kuna suala la alama. Page na Brin wenyewe, katika andiko lao la mwaka 1998, walionya kwamba mtambo wa kutafutia unaoishi kwa matangazo utaelemea upande wa watangazaji na kuwaacha wanaotafuta. Miaka iliyofuata, kivuli cha rangi kilichotenganisha matangazo na majibu kilififia mpaka kikatoweka, kikabaki kijineno kidogo juu ya tangazo. Tume ya Biashara ya Marekani iliwaandikia wenye mitambo mwaka 2002, ikawaandikia tena mwaka 2013, kuhusu jambo hilo hilo la kutenganisha wazi kilicholipiwa na kisicholipiwa. Mnakikumbuka kisa cha lile lundo la chakula sokoni, Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono akakuta chini kumelowa, na mwenyewe akajitetea kwamba ni mvua. Hakuambiwa atupe chakula. Aliulizwa kwa nini hakukiweka kilicholowa juu, watu wakione. Tangazo ni chakula kilicholowa kidogo: si kibaya, ila mnunuzi ana haki ya kujua kwa nini limetokea juu. Kijineno kile ndicho unyevu uliowekwa juu, na kadiri kinavyopunguzwa ndivyo unavyorudishwa chini. Lakini hilo ni deni la mwenye soko zaidi kuliko letu sisi wauzaji.

Deni letu liko kwenye maneno. Imam al-Ghazali, katika Ihya, kwenye kitabu cha adabu za kuchuma, anaweka kipimo ambacho sijaona kitabu cha biashara cha siku hizi kikikikaribia kwa ukali. Kusifia bidhaa kwa sifa isiyo nayo ni uongo, hilo kila mtu analijua. Anaongeza kwamba kuisifia kwa sifa iliyo nayo, ambayo mnunuzi anaiona mwenyewe, ni maneno ya upuuzi ambayo mtu ataulizwa kwa nini aliyasema. Kinachobaki ni kutaja sifa ya kweli ambayo mnunuzi asingeijua kama hukumwambia. Hebu kichukueni kipimo hicho muende nacho kwenye ukurasa wowote wa matangazo. "Bora kuliko wote" linaanguka. "Huduma ya kipekee" linaanguka. "Tunashona kanzu kwa siku mbili, mita tatu za kitambaa zinatosha mtu wa kimo cha wastani, tunafunga wakati wa swala ya Ijumaa" linasimama. Nilipoanza kuandika kwa kipimo hicho, baadhi ya wateja walisema tangazo limekuwa kavu. Ni kweli limekuwa kavu. Ila wanaobofya wanakuwa wale wanaotaka kanzu.

Mpaka hapa sijafika kwenye kinachoninyima usingizi, nacho ni neno lenyewe la kutafutia.

Pale kituo cha mabasi cha Nyabugogo, karasi anayekuvuta mkono hajui unakwenda wapi. Anapiga kelele "Huye, Huye, Huye" kwa kila anayepita, na wewe ukiwa unakwenda Musanze unampita. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wanao pia, wanawaita wapigadebe. Anachosha, lakini hajui siri yako. Mtambo wa kutafutia unatofautiana naye kwa sababu mtu ameuandikia haja yake kwa mkono wake, mara nyingi jambo ambalo hajamwambia mama yake. Akaunti ya matangazo ina ripoti inayoonyesha mengi ya maneno ambayo watu waliandika kabla ya kubofya, na nyingine inayoonyesha saa za mibofyo. Nimezisoma ripoti hizo. Kuna maneno ya saa nane za usiku ambayo hayafanani na maneno ya mchana.

Shariah imelizungumza hili kwa mfano wa misafara. Mtume (s.a.w.) alikataza watu kutoka nje ya mji kuwapokea wenye msafara kabla hawajafika sokoni, kwa sababu mgeni bado hajui bei na anayempokea anaijua. Na akishauziana naye, yule mgeni ana hiari ya kuvunja biashara akifika sokoni. Anayetafuta ni mwenye msafara. Yuko njiani, hajafika sokoni, hajui bei, na mwenye tangazo la kwanza amekwenda kumpokea nje ya mji. Siwezi kusema kila tangazo la namna hiyo ni haramu, maana anayetafuta anaweza kurudi nyuma kwa kidole kimoja na kuona wengine kumi. Lakini kadiri mtu alivyo na dhiki, ndivyo asivyorudi nyuma.

Marekani waliliona hilo kwa uchungu. Watu waliokuwa wakitafuta nyumba za kutibu uraibu wa dawa za kulevya, wao au wazazi wao, walikuwa wakipokewa na madalali waliokuwa wakiwauza kwa vituo vinavyolipa, bila kujali kama kituo kinatibu. Septemba 2017 Google ililazimika kuyazuia matangazo ya maneno hayo huko, na mwaka uliofuata ikayarudisha kwa wale tu waliopata cheti cha ukaguzi. Kabla ya hapo, Julai 2016, ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya mikopo ya kulipwa ndani ya siku 60. Angalieni hili kidogo: kampuni isiyojua lolote kuhusu riba kama tuijuavyo ilifika mahali ikaona kwamba kuna mtu ambaye hafai kuuziwa neno lake. Sisi wenye Kitabu tunasubiri nini?

Swali la kwetu ni la vijana wanaotafuta kazi Ghuba. Wakala mmoja wa kupeleka wafanyakazi huko alinitaka nimwandikie kurasa na matangazo ya maneno kama "kazi Dubai bila ada" na "visa ya kazi bure". Nikasoma fomu zake. Ada ilikuwapo, ya pasipoti, ya vipimo, ya "kufungua faili", kwenye ukurasa ambao kijana angeufikia baada ya kuacha jina na namba yake ya simu. Nilimwambia nitaifanya kazi tukiiandika ada juu kabisa, na tukiondoa neno "bure". Alicheka, akasema ukurasa wa hivyo hauvuni mtu. Malipo yake yangenitosha chumba cha miezi miwili. Alimpata mwingine, na sina shaka kurasa zipo.

Rafiki yangu, mtu mwema anayehifadhi juzuu kumi na tano, aliniambia nimejitesa bure. Hoja yake ilikuwa na nguvu. Dalali, alisema, si muuzaji. Wanazuoni wa mwanzo, kama Ibn Sirin na Ataa, hawakuona ubaya katika ujira wa dalali. Makomisyoneri wa nyumba wa Kigali wanakula ujira huo kila siku. Ukimleta mteja mlangoni, yaliyo ndani ni ya mwenye nyumba. Na usipomleta wewe, atamleta mwingine, kijana atadanganyika vile vile, na wewe utakuwa umekosa kodi.

Kuhusu atamleta mwingine, sina jibu refu. Kila mtu atahesabiwa peke yake, na hoja hiyo ikikubaliwa hakuna dhambi ya sokoni itakayobaki.

Lakini ile ya dalali nimeifikiria sana, kwa sababu kwa karne nyingi ilikuwa kweli. Dalali wa zamani alimfikisha mtu dukani akaondoka. Hakujua kama yule mtu alinunua, wala alichokuwa akikitaka moyoni. Angeweza kusema kwa ukweli kabisa, mimi sikujua. Anayefanya kazi yangu hawezi kusema hivyo. Ripoti iko mbele yake kila asubuhi: huyu aliandika "bure", akabofya. Kisha vipimo vya tovuti vinamwonyesha kwamba walioufikia ukurasa wa ada wengi waliondoka, na wachache waliobaki ni wale walioshindwa kuondoka. Anazisoma tarakimu hizo ili apunguze wanaoondoka. Ujira anaolipwa ni ujira wa kujua. Basi hauwezi kuwa halali kwa kujitetea kwamba hajui. Rafiki yangu hakukubali moja kwa moja. Alisema nikienda hivyo nitamharamishia kazi hata mchapishaji wa mabango. Nikamjibu kwamba mchapishaji haoni nyuso za wanaolisoma bango lake. Tuliachana hapo, na hoja yake kuhusu mchapishaji bado ninaiheshimu.

Kwa hiyo kama yule ndugu wa darsa angeniuliza mimi, ningemwambia chumo ni halali kwa kiasi ambacho unaweza kumwonyesha aliyebofya ripoti yako yote bila kuona haya. Najua hicho si kipimo cha kifiqhi, na walio na elimu wanirekebishe.

Limebaki jambo letu wenyewe. Jumuiya ina tovuti, na pamekuwa na pendekezo la kutenga pesa za matangazo kabla ya Ramadhani ili wageni waongezeke. Wapo wanaoogopa riyaa. Mimi sioni riyaa katika kulipa ili mtu anayeuliza namna ya kulipa swaumu alizokosa apate jibu sahihi. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini tafuteni maswali ya tohara au mirathi kwa Kiswahili muone nani yuko juu. Aliye juu mara nyingi ni aliyejifunza kupanda. Masheikh wetu wenye elimu wameweka darsa zao katika sauti ndefu zisizo na maandishi, au picha za kurasa zilizopigwa kwa simu, ambazo mtambo unazisoma kwa shida na mtu mwenye haraka hazisikilizi. Elimu ipo, imefunikwa.

Ninachokiogopa ni tarakimu. Mkishaanza kuhesabu wageni mtaanza kuandika kinachowaleta, na kinacholeta watu wengi kwa haraka ni "je, hiki ni haramu?" Kuna ukurasa wetu mmoja wa namna hiyo, kuhusu kucha za bandia, unaoleta wageni kuliko kurasa zote za tafsiri ya Juzuu Amma zikijumlishwa. Sisemi ufutwe, maana akina dada wanauliza na wana haki ya kujibiwa. Nasema tusije tukaamka siku moja tovuti nzima imekuwa kucha.

Katika kikao nilipendekeza nusu ya pesa zile zisinunue matangazo kabisa. Alipwe mtu wa kuketi na kanda za sheikh wetu mzee wa Biryogo, aziandike neno kwa neno, na kila darsa ipewe kichwa kinachofanana na swali ambalo watu huuliza kweli. Mweka hazina ameuliza kanda ni ngapi. Bado tunazihesabu, na tatu kati ya zile tulizozikusanya zimeingia maji.